Karatasi Chini ya Mbegu za Viazi

Jumanne, tarehe 14 Oktoba, mwaka 2025, Kahongya aliamka mapema kama ilivyokuwa kawaida yake. Alijaza bidoni mbili za maji kwenye bomba la jirani, akafagia ua, kisha akamwamsha mdogo wake Lusenge ili ameze kidonge chake. Kidonge hicho kilikuwa na sharti: kimezwe tumbo likiwa tupu, na mtoto asile kitu mpaka saa nzima ipite. Kahongya, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuitazama saa ya ukutani.

“Yaya, saa imeisha?” Lusenge alimwuliza dada yake.

“Bado. Umeuliza sasa hivi.”

“Mshale ule unatembea kama Koko anapanda mulima.”

“Nimekusikia,” bibi yao, Koko Kasika, alijibu kutoka jikoni. “Huyu mutoto wa miaka saba, mwili kidogo, kinywa kikubwa.”

Lusenge alizaliwa na kasoro katika ini. Ini la mtu mwenye afya hutoa mwilini madini ya shaba yanayozidi, yale yanayoingia kidogo kidogo pamoja na chakula. Ini la Lusenge halikuweza kazi hiyo. Shaba ilijikusanya ndani yake na kuliumiza, na vidonge ndivyo vilivyoisaidia kutoka. Kwa sababu hiyo alikatazwa karanga, uyoga na maini ya mnyama yeyote, na hakuruhusiwa kukosa dawa hata siku moja.

Waliishi Butembo, katika nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu na ghala dogo nyuma. Baba yao, Jean-de-Dieu, alikuwa akilima kakao upande wa Mabalako na alirudi nyumbani mara chache. Mama yao, Adèle, aliuza maharagwe sokoni. Koko Kasika alikuwa mkulima wa viazi kule Kipese, katika milima ya Lubero. Vita vilipomfukuza aliacha nyumba na mbuzi zake, lakini gunia la mbegu za viazi alilibeba kichwani. Tangu hapo alizipanda kila msimu katika kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, ili mbegu ya Kipese isikatike mpaka siku ya kurudi. Zile za kupanda msimu unaofuata alizilaza ghalani juu ya majani makavu, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuingia humo bila idhini yake.

Siku hiyo watoto hawakwenda shuleni. Adèle aliwapeleka Beni, kwa sababu daktari mgeni wa magonjwa ya ini alikuwa akiwapokea wagonjwa katika hospitali moja ya huko.

“Utanisaidia na Kifaransa,” Adèle alimwambia Kahongya wakiwa njiani. “Wewe ni wa kwanza darasani.”

Daktari aliitwa Valère. Alitoka Kinshasa, na Kiswahili hakukijua. Muuguzi Émérance, ambaye ndiye aliyemtafsiria kila siku, aliitwa ghafla kwenye chumba kingine kwa mgonjwa aliyezidiwa. Daktari alitazama benchi refu la watu waliokuwa wakingoja, akauliza kama kuna anayejua Kifaransa. Kahongya alinyoosha mkono.

Mwanzoni daktari alizungumza polepole. Alisema wangependa kuchukua damu kidogo ya Lusenge. Hilo Kahongya alilielewa. Alisema damu itapelekwa katika maabara ya mbali, na humo wataotesha seli za ini kutoka katika damu hiyo. Hilo alilielewa nusu. Kisha daktari akasahau kwamba anazungumza na mtoto. Maneno yakaja marefu na ya haraka, yakapita mbele ya Kahongya kama pikipiki zinazoteremka mlima. Aliokota yale aliyoweza kuyaokota: ini, wiki nne, vidonge, matumaini.

“Anasema nini?” Adèle aliuliza.

Wanawake waliokuwa kwenye benchi waligeuka kusikiliza. Mmoja alimwambia mwenzake, “Angalia mutoto huyu. Anasikia ya docteur yote.”

Kahongya aliona shingo yake ikirefuka. Angeweza kusema kwamba sehemu ya mwisho hakuielewa. Badala yake aliunganisha maneno manne aliyoyaokota, akayashona kwa uzi wake mwenyewe.

“Anasema watachukua damu ya Lusenge na kuiotesha ndani ya chupa kule maabara. Baada ya wiki nne ini jipya litakuwa limeota.”

“Ini ya nani?”

“Ya Lusenge, Mama.”

Adèle alifunika uso wake kwa kitenge. Mabega yalimtikisika. Daktari alingoja kwa heshima, kisha akamwuliza Kahongya, “Mama ana swali?”

Kahongya hakulipeleka swali hilo kwa mama yake. Alijibu mwenyewe, “Non, docteur.”

Ikaletwa karatasi ya kutia sahihi. Kwa miaka yote Adèle alikuwa akichovya kidole gumba katika wino. Lakini tangu mwezi wa Januari alikuwa akihudhuria darasa la watu wazima la kusoma na kuandika pale parokiani, na siku hiyo aliandika jina lake herufi kwa herufi, wala hakusahau alama ndogo iliyo juu ya e. Lusenge akatolewa damu, na nakala moja ya karatasi ikabaki hospitalini. Nyingine alipewa yeye, naye akamkabidhi Kahongya, aliyeitia katika mfuko wake wa shule.

Jioni, Koko Kasika alisikiliza habari yote bila kumkatiza mtu. Kisha akauliza kwa uzito, “Linaota? Kama kiazi?”

“Kama kiazi, Koko,” Kahongya alijibu, maana watu wote walikuwa wakimtazama.

“Basi mimi najua kazi yake.”

Kule Kipese, mbegu inayoanza kuota ina miiko yake. Haipigwi jua, haipulizwi moshi, haimwagiwi dawa, na wenye kelele hawaikaribii. Koko Kasika alilima viazi kwa miaka hamsini, na hakuwahi kuona mbegu iliyosumbuliwa ikizaa vizuri. Aliona pia kwamba damu ya mtoto na mtoto mwenyewe ni kitu kimoja: kinachoota kule chupani kinaota pia na huku. Siku ya pili yake, asubuhi, alitandika mkeka wa Lusenge ghalani, kando ya viazi. Alipochukua pakiti ya vidonge kutoka mezani, Adèle alisimama.

“Mama, tulikatazwa kukosa hata siku moja.”

“Ni dawa chungu. Itaunguza mbegu. Ikiisha kuota atameza tena.”

Adèle alimgeukia binti yake. “Docteur wa Beni alisema nini juu ya vidonge?”

Kahongya alikumbuka kwamba neno hilo alilisikia. Alichosema daktari baada ya neno hilo hakukijua. Koko alikuwa akimtazama, na mama yake alikuwa akimtazama.

“Hakukataza kuviacha,” alisema.

Koko Kasika aliitia pakiti katika kopo tupu la maziwa, akaliweka juu ya kabati.

Tangu siku hiyo Lusenge hakuliona jua. Ghala lilikuwa na dirisha dogo, upana wa shubiri moja, na Koko aliliziba kwa gunia. Mlango ulifungwa kwa kamba upande wa nje ili watoto wa jirani wasiingie kumchezea. Kila Kahongya alipotoka shuleni, alifunguliwa mlango, akaingia kumlinda mdogo wake, na kamba ikafungwa tena nyuma yake. Ndani palinuka udongo na majani makavu. Hewa ilikuwa nzito. Lusenge alimsikia kila mtu aliyepita uani na kumtaja kwa jina, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine.

“Yaya, ini langu limefika wapi?”

“Bado ni dogo.”

“Kama nini?”

Kahongya alifikiri. “Kama harage.”

Siku iliyofuata aliuliza tena, na ini likawa kama limau changa. Siku ya tano lilikuwa kama yai. Kahongya alijifunza kwamba uongo ukishazaliwa hudai chakula kila siku, na anayeulisha ni yule yule aliyeuzaa.

Habari ilifika shuleni kabla yake. Grady, mtoto wa mwanajeshi aliyehamishiwa Butembo kutoka mkoa wa Équateur, wanakosema Kilingala, alimngojea penye lango.

“Batu banasema kwenu munaotesha ini. Ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Basi uombe bakuoteshee na kichwa ya calcul, ya hesabu. Hii yako ya Kifaransa tu inaegemea upande moja.”

Wenzake walicheka. Mwalimu wao, Monsieur Ésaïe, hakucheka. Alisema jambo hilo ni la sayansi na linastahili kusikiwa na darasa zima, kwa hiyo Ijumaa tarehe 24 Kahongya angewaeleza wenzake linavyofanyika.

Alhamisi, akiwa amefungiwa ghalani na Lusenge amelala, Kahongya alitoa ile karatasi ya Beni ili anakili maneno makubwa ya Kifaransa. Aliisogeza kwenye mwanga mwembamba uliopenya chini ya mlango. Ndipo alipoigeuza, kwa mara ya kwanza. Upande wa pili ulikuwa umeandikwa kwa Kiswahili.

“Kipimo hiki ni cha utafiti,” alisoma. “Seli zitakazooteshwa hazitarudishwa katika mwili wa mtoto wako, na hazitamponya. Mtoto aendelee kumeza dawa zake kila siku. Kama kuna jambo hujalielewa, uliza kabla ya kutia sahihi.”

Alisoma tena. Nje, nyayo za Koko zilikaribia, na vidole vyake vikaanza kuifungua kamba. Kahongya aliinua majani makavu, akaisukuma karatasi chini ya viazi, akayarudisha majani mahali pake.

Ijumaa alisimama mbele ya darasa. Aliyasema maneno makubwa yote, na wenzake wakasikiliza. Kisha rafiki yake Christa, msichana mpole asiyejua mzaha, akainua mkono.

“Ini likiisha kuota, litapita wapi kuingia tumboni?”

Neno “sijui” lilikuwa limesimama ulimini mwa Kahongya, lakini aliona kwamba akilitoa hilo moja, mengine yote yatafuata. “Docteur ndiye anajua,” alisema hatimaye.

“Keti,” Monsieur Ésaïe alisema. “Utaendelea siku utakapokuwa tayari.” Wengine walipotoka alimwuliza kama kuna jambo. Alijibu kwamba hakuna.

Jumamosi, Adèle alimwomba ile karatasi. “Katika darasa letu, mwalimu ametaka kila mutu alete karatasi moja yenye maana nyumbani mwake. Mimi nitapeleka ile yenye jina langu.”

“Sijui niliiweka wapi, Mama.”

“Tafuta vizuri. Ni karatasi ya kwanza niliyoiandika mimi mwenyewe.”

Basi Kahongya akabanwa pande zote. Akisema, ataonekana mwongo mbele ya mama, ya Koko, ya mwalimu na ya Grady. Asiposema, vidonge vitabaki kwenye kopo. Jumapili kanisani alisali kwamba jambo hili lijimalize lenyewe. Halikujimaliza.

Jumatatu tarehe 27, alipoingia ghalani, Lusenge hakuuliza ini limefika wapi. Alikuwa amelala akielekea ukutani. Miguu ilikuwa imevimba hata sandali zake hazikumwingia, na alipogeuka, weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka kuwa wa njano. Alichukua mkono wa dada yake, akauweka juu ya tumbo lililokuwa limejaa na kukaza.

“Nalisikia, Yaya. Linasukuma hapa. Koko anasema ndiyo kuota.”

Kahongya aliuondoa mkono taratibu.

“Likiota vibaya,” Lusenge alinong’ona, “utamwambia docteur alipande tena? Wewe unajua Kifaransa.”

Kahongya alipiga magoti. Alichimbua majani kwa mikono miwili, viazi vikaviringika sakafuni, mpaka akaipata karatasi. Ilikuwa na unyevu na imeshika udongo. Alipiga mlango.

“Koko, fungua.”

“Muda haujafika. Utamwingizia baridi.”

“Fungua, Koko. Mimi nilisema uongo.”

Kisha kamba ikafunguliwa.

Adèle alikuwa uani, akichagua maharagwe kwenye ungo. Kahongya alimwekea karatasi mapajani, upande wa Kiswahili ukiwa juu.

“Soma hapa, Mama.”

“Umeipata? Nisomee wewe, ni upesi zaidi.”

“Hapana, Mama. Nikikusomea mimi hutajua kama ni kweli.”

Adèle alimtazama binti yake usoni, akauweka ungo chini, akapangusa karatasi kwa kitenge. Alianza kusoma, kidole kikitambaa chini ya mstari.

“Se-li. Seli. Zi-ta-ka-zo-o… zitakazooteshwa. Ha-zi-ta-ru-di-shwa…”

Kahongya alisimama mbele yake. Alitamani mama asome haraka, na alitamani asifike mwisho. Kila silabi ilimgonga. Koko Kasika alikuwa mlangoni mwa ghala, kamba bado i mkononi.

“Ha-zi-ta-mpo-nya.” Adèle alirudi nyuma. “Hazitamponya.” Alisoma mara ya tatu bila kutoa sauti, midomo ikitembea tu. Kisha akaendelea, “Mto-to a-e-nde-le-e ku-me-za…”

Kabla sentensi haijaisha, Koko Kasika alikwisha kuingia nyumbani, na kopo la maziwa lilisikika likishushwa kutoka juu ya kabati.

“Siku ngapi?” Adèle aliuliza.

“Kumi na tatu, Mama.”

Adèle hakumpiga. Aliinama, akaokota harage moja lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo. “Leta simu,” alisema. “Namba iko hapa chini. Hiyo nimeisoma.”

Muuguzi Émérance alipokea. Aliagiza Lusenge apewe kidonge chake kwa kipimo kile kile cha zamani, wala wasimwongezee ili kufidia siku zilizopotea, na wamfikishe Beni bila kuchelewa. Lakini barabara ya Beni ilikuwa imefungwa tangu Jumapili. Risasi zilikuwa zimelia huko mbele, na magari yalipanga mstari mrefu kwenye lango la kutokea mjini. Mchana ule ule, na siku mbili zilizofuata, Adèle alimbeba Lusenge mgongoni hadi pale, akaambiwa arudi. Kahongya alikwenda naye kila safari. Hakuna aliyemsemesha. Alijua sasa jinsi ghala lilivyokuwa kwa mdogo wake: mlango upo, unauona, na kamba iko upande wa pili.

Siku hizo, Koko Kasika aliling’oa gunia lililoziba dirisha. Mwanga ulipoangukia mbegu, alishika kinywa. Viazi vilikuwa vimetoa machipukizi marefu, meupe, membamba kama nyuzi. Alipokigusa kiazi kimoja, chipukizi lilikatika.

“Mbegu inataka mwanga kidogo,” alisema polepole. “Mwanga kidogo tu, ili chipukizi likae fupi na lenye nguvu. Hiyo najua tangu usichana wangu. Lakini niliziba dirisha kwa ajili ya mutoto, nikaharibu vyote viwili.”

Alhamisi magari yaliruhusiwa kupita, yakisindikizwa na wanajeshi. Walifika Beni saa nane mchana. Daktari Valère alimpima Lusenge, akamlaza wodini. Jioni aliwaita Adèle, Koko na Kahongya, na safari hii Émérance alikaa katikati yao.

“Ini limeumia zaidi,” Émérance alitafsiri. “Lakini halijakata tamaa, nasi hatujakata. Mngekawia wiki chache zaidi, tungekuwa na mazungumzo mengine.”

Adèle alivuta pumzi. “Sasa mwambie docteur aanze mwanzo, ile ya damu. Na nitamsimamisha nisipoelewa.”

Daktari alianza. Alisema mwili wa kila mtu ulianza na seli changa ambazo bado hazijachagua kazi, na ndizo zinazoitwa seli za shina. Nyingine hugeuka kuwa damu, nyingine mfupa, nyingine ini.

“Sijaelewa,” Adèle alisema. “Damu imekwisha kuchagua kazi yake. Ini linatoka wapi?”

Daktari alitabasamu, maana swali lilikuwa zuri. Alieleza kwamba wataalamu wamejifunza njia ya kuirudisha seli ya damu katika utoto wake, kisha kuilea siku kwa siku kwa virutubisho maalumu mpaka ishike kazi ya ini. Kuirudisha huchukua wiki nyingi. Kuifundisha kazi ya ini huchukua kama wiki nne nyingine.

“Kisha ini linatoka?”

“Hapana. Zinatoka seli, zikiwa zimetandazwa katika sahani ndogo kuliko kiganja chako. Rundo la matofali si nyumba. Bado hatujui kujenga nyumba nzima.”

“Sijaelewa tena. Zinafaa nini basi?”

“Seli hizo zina ugonjwa ule ule wa Lusenge. Tunaweza kuzijaribia dawa mpya. Dawa ikiwa sumu, itadhuru sahani. Haitamdhuru mtoto.”

Koko Kasika akasema, “Kumbe sahani ndiyo inakunywa dawa mbele ya mutoto. Kama mufalme na muonjaji wake.”

Émérance alipotafsiri, daktari alicheka, akasema kwamba ataitumia kauli hiyo kwa wagonjwa wengine. Kisha uso wake ukabadilika. Alisema yeye pia alikosa: aliona foleni ndefu, akamtwika mtoto mzigo wa mtu mzima, wala hakuuliza mara ya pili. Sahihi iliyotolewa bila kuelewa haina nguvu. Damu bado ilikuwa imehifadhiwa, na mama akitaka itaharibiwa, naye Lusenge ataendelea kutibiwa vile vile.

Adèle aliomba karatasi mpya. Aliusoma upande wa Kiswahili wote, taratibu, huku daktari akingoja na foleni ikingoja. Kisha akaenda wodini, akamweleza Lusenge, akamwuliza kama anakubali.

“Haliwezi kuniponya mimi?” Lusenge aliuliza.

“Hapana. Labda siku moja litasaidia watoto wanaougua kama wewe. Labda na wewe pia ukiwa mkubwa. Hakuna anayejua.”

Lusenge alifikiri. “Basi wachukue. Lakini safari hii nisilale na viazi.”

Adèle alirudi, akaandika jina lake.

Lusenge alikaa hospitalini siku tisa. Uvimbe ulipungua, njano ikaanza kufifia machoni. Kahongya alirudi shuleni, akamwomba Monsieur Ésaïe nafasi ya kusimama tena mbele ya darasa. Alisimulia yote, pamoja na ile “Non, docteur.” Grady alikuwa wa kwanza kusema. “Mimi huku nilifika bila kujua Kiswahili,” alisema. “Mwaka muzima nilisema ndiyo kwa kila kitu. Nilipigwa mara nyingi sana.” Darasa lilicheka, na Kahongya akacheka kidogo pamoja nao.

Jumamosi iliyofuata, Adèle alimketisha binti yake uani, karibu na Koko, aliyekuwa akipanga kwenye mwanga hafifu wa kibaraza zile mbegu chache zilizosalia, ambazo machipukizi yake hayakukatika.

“Kahongya, hakuna aliyekutuma kujua yote,” Adèle alisema. “Tulikutuma kupeleka maneno kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine, na neno lililokushinda ungelirudisha kwa mwenyewe. Mimi nilipoanza darasa la watu wazima, nilisema ‘sijaelewa’ mbele ya wanawake wenye umri wa wadogo zangu, na uso uliniwaka. Ukaniwaka siku moja, ukapoa. Aibu ya kutokujua hupita. Wewe uliikimbia aibu ya dakika moja pale kwenye benchi, na mdogo wako akailipa siku kumi na tatu gizani. Kujua Kifaransa ni jambo jema, mwanangu. Kusema mahali kinapokuishia ndiyo elimu.”

“Na mimi,” Koko Kasika aliongeza bila kuinua macho kutoka kwenye mbegu zake, “nilijua viazi, nikadhani najua na ini. Kumbuka na hiyo.”

Lusenge, aliyekuwa ameketi juani na sandali zake miguuni, alichagua kiazi kimoja chenye chipukizi fupi la kijani, akakiweka mwisho wa mstari. “Yaya,” alisema, “saa imeisha? Nina njaa.”

Kahongya aliitazama saa ya ukutani kupitia mlangoni, akahakikisha. “Sasa imeisha,” alijibu. “Nenda ukale.”

Nawe uliyeisoma habari hii, usiifungie ndani ya kitabu. Leo ukifika nyumbani, mtafute mmoja asiyejua kusoma, umsomee yote kwa sauti, na ukifika kwenye neno usilolielewa, simama umwambie hivyo, kisha mkaulize pamoja. Yeye naye mwombe ampelekee mwingine.